Koti la Kijivu, Vifungo 15

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya mafundi cherehani, wanafunzi na majirani. Wengi mliokosa kufika mliniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Assalaam alaikum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi watoto mlioketi mbele kwenye jamvi: ahsanteni kwa kuja. Mimi ni mtoto wa mtaa huu. Hapa nilifundishwa kushika sindano, hapa nilishonea watu mpaka nilipoolewa nikahamia Uingereza, kwenye mji mdogo wa pwani ya kusini. Huko ndiko nilikoingia katika mchezo ambao leo mmekuja kuusikia. Ni watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanaokusanyika siku za mapumziko wakavaa kama mabaharia na maharamia wa miaka 300 iliyopita. Wanapiga kambi, wanapika kwa moto wa kuni, wanafyatua bastola za gumegume, na anayepita wanamweleza maisha yalivyokuwa. Nasema mchezo kwa kukosa neno jingine. Sisi tunaoufanya hatuuchezei.

Nianze na swali. Nikisema haramia, mnaona nini?

Nimesikia kiraka cha jicho. Nimesikia kasuku begani. Mguu wa mti, hereni, kitambaa chekundu kichwani, mabuti yanayopanda mpaka magotini. Vizuri sana. Hata mimi ndicho nilichokiona, na hata Waingereza ndicho wanachokiona. Mwaka 2012, katika mji wa Hastings, walikusanyika watu 14,231 waliovaa kiharamia siku moja, wakavunja rekodi ya dunia. Kama mngekuwepo mngeona mabuti, viraka na kasuku wa plastiki kila upande, na mngeona furaha. Sina neno baya juu yao.

Lakini picha ile imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwa mchoraji mmoja wa Marekani, Howard Pyle, aliyezaliwa 1853 na kufariki 1911. Yeye ndiye aliyewavika maharamia vitambaa vya kichwa na mishipi mipana ya nguo kiunoni, akawachora vizuri mno, na watu wa filamu wakamfuata. Na ile sauti nzito ya kukoroma ambayo watoto wa Ulaya huitoa wakicheza uharamia ni lafudhi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, ya mwigizaji Robert Newton kwenye filamu ya mwaka 1950. Mwaka 1950! Maharamia wenyewe walikuwa wameshazikwa zaidi ya miaka 200.

Kwa hiyo kundi letu lina maswali matatu, na ukitaka kuingia na kitu chochote kambini utaulizwa yote matatu. Nani alikivaa? Mwaka gani? Wapi? Sisi tumechagua miaka ya 1700 mpaka 1722, bahari ya Atlantiki, mabaharia wa kawaida. Ukija na buti refu utaulizwa: nani alilivaa? Utajibiwa kwamba lilivaliwa na mpanda farasi. Baharia anayekwea mlingotini kukunja tanga, sitaha imelowa, atafanya nini na buti la farasi? Alivaa kiatu kifupi chenye bizimu, au alikwenda pekupeku kama manahodha wetu wa majahazi.

Na mimi niliingiaje? Niliingia na shati la dukani, limejaa lesi kifuani, la nailoni. Nililipenda. Usiku wa kwanza nilikaa karibu na moto, upepo ukageuka, cheche zikaruka. Mzee mmoja wa kundi, seremala mstaafu, alinishika mkono akanivuta nyuma, akaniambia kwa upole: dada, rudi nyuma, hiyo nguo ikishika moto itayeyuka juu ya ngozi yako. Kisha akachukua kipande cha sufu, akakiweka kwenye kaa la moto. Kikafuka moshi, kikanuka kama nywele zilizoungua, na alipokitoa kikazimika chenyewe. Hakuniambia kwamba nimevaa vibaya. Alinionyesha kwa nini mtu aliyeishi na moto wa kuni, taa za mafuta na baruti alivaa alichovaa. Nilirudi nyumbani nikiwaza nguo kwa namna ambayo miaka yangu yote ya cherehani haikuwahi kunifundisha.

Sasa tazameni hili koti. Mafundi, njooni karibu mkitaka, ligeuzeni ndani nje.

Mwaka 1706 wakuu wa jeshi la wanamaji la Uingereza waliandika mkataba wa nguo za kuuziwa mabaharia, na mkataba huo umehifadhiwa. Unasema koti la sufu ya kijivu, bitana nyekundu, vifungo 15 vya shaba ya manjano, mifuko miwili ya kitani, matundu ya vifungo yashonwe kwa uzi wa rangi ya dhahabu, bei shilingi 10 na peni 6. Unasema kizibao chekundu chenye vifungo 18. Unasema suruali nyekundu ya kufika magotini, vifungo 13 vya bati, mifuko mitatu ya ngozi. Unasema shati za kitani za mirabaraba ya buluu na nyeupe, soksi za sufu za kijivu, kofia ya ngozi iliyotiwa kitambaa chekundu mbele. Mnasikia? Kuna fundi hapa ambaye hawezi kushona kwa oda kama hiyo? Mteja wa leo anakuja na picha kwenye simu, anasema nishonee kama hii, na hajui anataka vifungo vingapi. Mteja wa 1706 alihesabu mpaka mifuko.

Mtaniuliza: huo ni mkataba wa serikali, na maharamia wanahusika vipi? Wanahusika kwa sababu haramia hakuzaliwa haramia. Alikuwa baharia wa manowari au wa meli ya biashara. Vita vya kugombea ufalme wa Hispania vilipomalizika, mikataba ikatiwa saini 1713, jeshi la wanamaji likawaachisha kazi maelfu. Mishahara ya meli za biashara ikashuka, chakula kikawa kibovu, mjeledi ukawa ule ule. Mtu akikamatwa na maharamia akaamua kubaki nao, alibaki na nguo aliyokuwa nayo mwilini. Baada ya hapo akavaa alichokipora, naam, na wengine walijipamba. Bartholomew Roberts, siku aliyouawa, Februari 1722, alikuwa na kizibao na suruali ya hariri nyekundu, unyoya mwekundu kofiani na mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi. Huyo ni Roberts, mkuu wa merikebu. Mamia waliokuwa chini yake walivaa sufu na kitani. Kila mgeni anayekuja kundini anataka kuwa Roberts. Nani anataka kuwa yule anayesukuma bomba la maji ngamani? Mimi ndiye ninayemshonea huyo.

Koti hili nimelifumua mara moja. Niliposoma mkataba, kile kitambaa cha bitana kimeandikwa kwa neno ambalo Waingereza wa leo hulitumia kwa pamba. Nikanunua pamba nyekundu nzuri, nikaitia, nikapiga pindo, nikamaliza. Kisha nikaja kujua kwamba neno hilo wakati ule lilitumika pia kwa sufu iliyochanwa ikatoa manyoya. Baharia wa Atlantiki ya kaskazini alihitaji joto, hakuhitaji ulaini. Nilikaa na lile koti magotini muda mrefu. Hakuna mtu barabarani ambaye angetambua. Je, ningeacha? Nikachukua wembe nikafumua. Bitana mnayoishika sasa ni sufu. Itieni mkono muone lilivyo zito.

Na shati. Wazee wangu mafundi wa kanzu, hapa nataka mnisikilize nyinyi hasa, kwa sababu jambo hili ndilo lililonifanya nipande ndege nije kusema nanyi.

Nilipopewa kwa mara ya kwanza mchoro wa shati la baharia wa wakati ule, wenzangu Waingereza waliniambia kwa huruma kwamba ni gumu, maana halifanani na shati lolote wanalolijua. Nilitazama mara moja nikacheka kwa furaha. Kitambaa kimoja kirefu kinakunjwa mabegani, mbele na nyuma ni kitu kimoja. Si badani hiyo? Mikono ni vipande vya mraba, havina umbo la bega. Chini ya kwapa kuna kipande kidogo cha mraba kilichotiwa pembe, ili mtu anyanyue mkono bila shati kuchanika. Hicho ni nini? Semeni kwa sauti. Kikwapa! Shingoni kuna mpasuo na kipande cha kuupa nguvu. Ile ni kaba. Hakuna hata kipande kimoja kinachotupwa, kwa sababu kitani kilikuwa ghali na kila inchi ina kazi. Wenzangu walikuwa wanasoma lugha ngeni. Mimi nilikuwa nasoma barua kutoka nyumbani.

Nikaja kwenye matundu ya vifungo. Vifungo 15, jumlisha 18, jumlisha 13. Ni matundu 46 kwa mtu mmoja, yote kwa mkono, kwa maana cherehani haikuwepo. Unakata tundu, unazungusha uzi uliotiwa nta, kila mshono unaukaza upande mmoja, mmoja pembeni ya mwingine, mpaka ukingo unakuwa mgumu kama kamba nyembamba. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alishona kofia za vito maisha yake yote. Mnazijua: vitundu mamia kwa mamia, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Nikiwa na miaka saba alinipa kitambaa kikuukuu akaniambia nitoboe na kuzungusha, nitoboe na kuzungusha, na alipokiona hakijakaza alikata akanirudishia. Hakukasirika. Alikata tu. Basi usiku ule Uingereza nilishona tundu la kwanza la koti la 1706, nikalipeleka kwa yule seremala na mkewe, na yule mama akaliweka chini ya taa akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamjibu, Mombasa, kwa nyanya yangu, na sikuweza kuendelea kusema.

Vijana, kuna watu ulimwenguni wanaotafuta mkono wa namna hiyo na hawaupati. Mkono huo uko humu ukumbini.

Nisonge mbele. Tunajuaje kwamba tunachovaa ndicho? Karatasi ni njia moja. Bahari ni nyingine. Mwaka 1717, mwezi Aprili, merikebu Whydah ya haramia Samuel Bellamy ilipigwa na dhoruba ikavunjika karibu na Cape Cod, Marekani. Mabaki yalipatikana 1984, na mwaka uliofuata ikaopolewa kengele iliyochorwa jina na mwaka 1716, hivyo hakuna aliyebisha tena. Vilitoka bastola, vifungo, bizimu, vijiko. Na kilitoka kiatu kidogo, soksi ya hariri, na mfupa wa mguu.

Mfupa huo wataalamu waliutazama wakasema ni wa mtoto, miaka 8 mpaka 11. Sasa rudini kwenye karatasi. Novemba 1716 Bellamy aliteka chombo kilichokuwa na abiria, na miongoni mwao mama na mwanawe aitwaye John King. Nahodha wa chombo hicho alitoa ushahidi kwamba mtoto yule hakulazimishwa. Alitaka mwenyewe kwenda na maharamia, na alipozuiwa alitishia kujiua. Akaenda. Miezi mitano baadaye merikebu ikazama. Ndiyo maana inaaminika kiatu kile ni chake.

Majira ya joto yaliyopita niliombwa nimshonee kizibao mtoto wa mmoja wetu, ana miaka tisa. Nilimpima mabega. Mabega ya mtoto wa miaka tisa ni mapana kama hivi, tazameni, shubiri moja na nusu ya mkono wangu. Alikuwa hatulii, anarukaruka, ananiuliza kama atapewa upanga. Mimi nilikuwa nimeshika utepe wa kupimia na nimemkumbuka mama wa John King, amesimama kwenye sitaha ya chombo kilichoporwa, anamtazama mwanawe akiondoka. Alikuwa amevishwa soksi ya hariri mtoto yule. Kuna mtu aliyempenda alimvisha.

Ndugu zangu, na kipimo cha mtoto kikishakufikisha hapo, huwezi kusimama. Utajiuliza na jina la merikebu. Whydah ni nini? Ni Ouidah, bandari ya Benin ya leo. Merikebu ile iliundwa kubeba watumwa. Bellamy aliiteka ikiwa imeshawauza Waafrika iliyowabeba, inarudi na faida yake. Na ile merikebu mashuhuri ya haramia Blackbeard? Kabla hajaiteka, Novemba 1717, ilikuwa meli ya Wafaransa iitwayo La Concorde, nayo imetoka Ouidah. Iliondoka na Waafrika 516 wa kuuzwa. Njiani wakafa 61. Waliobaki hai walikutwa ngamani. Je, maharamia, hao mashujaa wa uhuru, waliwafungua? Wengi wao waliachwa kisiwa cha Bequia, huko Karibi, pamoja na Wafaransa, na Wafaransa wakawakusanya tena wakawapeleka Martinique. Wengine Blackbeard akawabakiza kwake.

Naulizwa sana kambini, hasa na wageni weusi wenye watoto: je, kulikuwa na Waafrika maharamia? Nawajibu ndiyo, walikuwepo. Walikuwepo wenye silaha, wenye fungu lao la mali. Na katika merikebu hizo hizo walikuwepo waliosukuma bomba na kubeba mizigo bila fungu lolote. Roberts alipouawa karibu na Cape Lopez, Gabon ya leo, watu wake walipelekwa kwenye ngome ya Cape Coast, Ghana, wakahukumiwa. Walinyongwa 52. Waafrika waliokutwa kwenye merikebu zake hawakufikishwa mbele ya hakimu. Waliuzwa. Mwaka 1668, nusu karne kabla, Robert Searle alivamia St. Augustine, Florida, kwa meli ya chakula aliyoiteka ili wenyeji wasishtuke, na wasiokuwa Wazungu aliowakamata aliwachukua kwenda kuwauza. Uvamizi huo huigizwa kila mwaka mjini humo humo, kwa nguo na bunduki zilizofanyiwa kazi nzuri sana. Wanaoigiza wanajua habari hii, na wapo wanaoisema wazi. Nami nataka isemwe kila mahali, kwa uangalifu ule ule tunaouweka kwenye kifungo.

Maana mtu akiniambia kifungo lazima kiwe cha shaba, cha mwaka ule, cha umbo lile, halafu nikimuuliza ngamani palikuwa na nini aniambie hayo tuyaache, watu wamekuja kufurahi, je, huyo anapenda ukweli au anapenda vifungo? Nilikuwa na ugomvi kuhusu hili, siufichi. Kundi moja nililowahi kuwa nalo, si hili la sasa, niliweka mezani kibao nilichoandika tarakimu 516, pembeni ya koti. Niliombwa nikiondoe kwa sababu kinawahuzunisha wageni. Nilikiondoa, na koti nikaliondoa pamoja nacho, nikakunja meza yangu. Kundi la sasa halikuniuliza hata swali. Mke wa yule seremala alikisoma, akaenda kwenye hema, akarudi na kitambaa safi akakitandika chini yake.

Kibao hiki hapa. Nimekuja nacho.

Baruti nitaisema kwa kifupi, vijana, najua ndiyo mliyokuwa mnaisubiri. Bastola ya gumegume ina kipande cha jiwe kinachogonga chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo ya nje, moto unaingia ndani. Kwenye maonyesho hatutii risasi hata moja. Hatuelekezi mtutu kwa mtu hata kama uko mtupu. Ikikataa kulipuka, unabaki umeielekeza pasipo na mtu, unangoja, kwa sababu moto unaweza kuwa umechelewa njiani. Uingereza, mwenye kuweka baruti anahitaji kibali cha polisi. Huku kwetu sheria za silaha ni kali na zina sababu. Nawasihi, msijaribu. Nguo, kamba, vyungu, vyakula na mafundo ya kibaharia vinatosha miaka kumi ya kazi.

Na sasa nirudi nyumbani, kwa maana naona mzee wangu pale ameinua kidole mara mbili, na nahisi swali lake: haya yanatuhusu nini sisi wa bahari hii?

Mzee wangu, maharamia hao walikuja mpaka hapa. Mwaka 1695 Henry Every, kabla hajaipora merikebu ya hazina ya mfalme wa Kihindi, Ganj-i-Sawai, iliyokuwa inarudi na mahujaji, alitia nanga Nzwani, Komoro, akaacha barua kwa manahodha wa Kiingereza. William Kidd alifika Komoro mwaka 1697. Huko Mwali alipandisha merikebu yake ufukoni kuikwangua, na maradhi yakawaua watu wake kama 50 kwa muda wa wiki moja. Na Agosti 1720, Nzwani hiyo hiyo, maharamia wa Edward England walipigana na nahodha James Macrae wa merikebu Cassandra. Macrae alishindwa, akakimbilia nchi kavu, akajificha siku kadhaa, kisha akajitokeza mwenyewe kuomba. Wengine walitaka kumuua. Akasimama haramia mmoja mwenye ndevu za kutisha, amejifunga bastola kila upande, na ana mguu wa mti! Akaapa kwamba atakayemgusa Macrae atakiona, kwa kuwa aliwahi kusafiri naye na anamjua kuwa ni mtu mwema. Macrae aliachiwa akaenda zake mpaka Bombay, na baadaye akawa gavana wa Madras.

Watoto, mlisema mguu wa mti. Nimewaletea mmoja wa kweli, na umetoka Komoro.

Kuna kilicho karibu zaidi. Mwaka ule ule wa 1697, Kidd akiwa kwenye bahari hii, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama hapa, chini ya Fort Jesus, wakati Waomani wameizingira ngome. Haikuwa ya maharamia, nisije nikawachanganya. Ilikuwa ya vita, iliundwa Bassein huko India. Lakini ni ya wakati ule ule hasa. Wapiga mbizi waliichimba kuanzia 1977 mpaka 1980, na vitu vilivyotoka viko kwenye makumbusho, mwendo wa dakika chache kutoka hapa mlipokaa. Wenzangu Uingereza hulipa nauli kwenda Marekani kutazama vitu vya miaka hiyo nyuma ya vioo. Nyinyi mnavipita mkienda sokoni. Ni wangapi kati yenu mmeingia mwaka huu? Inueni mikono. Nimeona minne.

Basi tukitaka kuigiza Mombasa ya 1697, maswali ni yale yale. Nani alivaa? Mwaka gani? Wapi? Mama mmoja aliniambia mlangoni atakuja na kanga zake. Mama yangu, kanga nazipenda, lakini kanga zimeanza karne ya 19, mwishoni mwake. Utakuwa umekosea kwa karibu miaka 200. Na kitambaa cha marekani je? Kitambaa hicho kililetwa na meli za Salem, karne ya 19 pia. Waulizeni wazee kuhusu vitambaa vya Kambaya vilivyoletwa kutoka Gujarat na hariri zilizofumwa Pate, ambazo Wareno wenyewe walizisifu. Anzeni huko. Nendeni Fort Jesus na daftari na utepe wa kupimia, ombeni ruhusa, chorini.

Sitaendelea sana, adhana imekaribia. Nimeleta kitani, mita tatu, kizito, hakijaoshwa. Mkasi uko hapa, nta iko hapa, sindano nimeleta za kutosha, na tondoo zile za nyanya yangu ziko kwenye kikopo. Meza hii tuivute katikati. Tutakata shati la baharia wa 1706, moja, kuanzia sasa mpaka swala, na baada ya swala wanaotaka warudi tuendelee. Badani nitakata mimi.

Mzee wangu, wewe uliyeinua kidole, nimeambiwa umeshona kanzu miaka 50. Njoo, tafadhali. Utukatie vikwapa.